Kichwa cha Mjusi wa Bwana Hindmarsh

Kezia Storr alikuwa ameitunza nyumba ya Bwana Ambrose Hindmarsh kwa miaka ishirini na sita bila kuvunja hata kisosi, na jambo hilo lilijulikana mji mzima wa Skarrow kwa sababu mwenyewe hakuchoka kulitaja. Alilitaja sokoni, alilitaja kanisani, na mara moja alilitaja mazishini. Kwa hiyo Alhamisi ile alipochukua nyundo ya kuvunjia makaa ya mawe akaingia nayo kwenye chumba cha mawe ya kale ya bwana, hakuna ambaye angemdhania vibaya. Lakini hakuwa amekwenda kuvunja makaa.

Tusikimbie, lakini. Kwanza bwana mwenyewe.

Bwana Hindmarsh alizaliwa mtoto wa fundi mapipa, na wote walitarajia afe fundi mapipa. Alipokuwa na miaka tisa aliokota jino la papa chini ya genge, jino lililogeuka jiwe, kubwa kuliko kiganja chake, akakimbia kumwonyesha baba yake. Baba akaligeuza, akauliza papa mwenyewe yuko wapi. Miaka hamsini na nane iliyofuata mtoto yule aliitumia kumjibu baba yake, ambaye alikwisha kufa zamani na hakuwa amesubiri jibu.

Ili apate kula alisomea dawa, akafungua duka, na kwa miaka thelathini aliwauzia watu wa Skarrow dawa ya kikohozi ambayo haikumponya mtu wala haikumuua mtu. Siku zile hiyo ilikuwa sifa kubwa kwa muuza dawa. Ila duka lilifungwa kila bahari ilipokupwa, maana ndipo miamba ya chini ilipokuwa wazi na bwana alishateremka na nyundo na kikapu. Aliyeugua maji yakiwa yamekupwa alitakiwa avumilie mpaka yajae.

Kuoa alikaribia mara moja. Alimtembeza pwani Bi Lavinia Croft, binti wa karani wa kanisa, na katikati ya maongezi akapiga magoti. Bi Lavinia akavua glavu, tayari kwa pete. Kumbe bwana amemwona chaza wa jiwe mwenye mistari kumi na miwili badala ya kumi. Bahari ilipojaa, Bwana Hindmarsh alipanda genge na chaza wake, na Bi Lavinia akaja kuokolewa na wavuvi wa kamba. Aliolewa na mmoja wao. Chaza bado yupo, rafu ya pili kushoto.

Kazi yake haikuwa ya mchezo. Alipata konokono wa mawe kumi na wanane wasiojulikana duniani, akawapa majina ya Kilatini, akawachora na kuwaandikia. Chama cha Wataalamu wa Miamba kule London kilichapisha maandishi yake kwa furaha. Lakini kila alipoomba uanachama kilimjibu kwa adabu kwamba nafasi zimejaa. Zilikaa zimejaa miaka arobaini. Watoto wa makabaila waliozaliwa baada ya ombi lake la kwanza walikua, wakaota ndevu, wakapata nafasi. Na katibu wa Chama, Profesa Lucius Pettifer, aliwahi kuandika kitabuni kwamba Bwana Hindmarsh wa Skarrow ni "mwokotaji hodari sana". Bwana hakula siku mbili.

Kisha macho yakaanza kumtupa. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Mwanzo alilaumu taa, halafu akalaumu wachapaji wa vitabu, mwisho akawa hana wa kumlaumu. Akahamia kwenye vidole. Alikuwa akishika jiwe anakwambia jina lake, rika lake, na tabaka la genge lilikotoka, na hakosei. Kusoma na kuandika kukamwangukia Kezia, aliyesomea shule ya Jumapili tu lakini mwandiko wake ulisimama wima kama askari. London hawakujua. Walimsifu Bwana Hindmarsh kwamba uzeeni mwandiko wake unazidi kupendeza.

Mwezi wa pili wa mwaka ule dhoruba ilibomoa kipande cha genge, na ndani yake akaonekana mjusi wa bahari aliyegeuka jiwe. Si mjusi wa ukutani: huyu alikuwa mrefu kuliko kitanda cha watu wawili, ana makasia manne mahali pa miguu, na shingo isiyokwisha. Wanaume kumi na wawili walilibeba bamba la mwamba mpaka karakana ya Obadia Storr, mdogo wake Kezia, ili amsafishe. Bwana mwenyewe angemsafisha kwa mikono yake, kama angeona ncha ya tindo inaelekea wapi.

Obadia alikuwa fundi kwa ukoo. Pwani ya Skarrow imejaa mawe yaliyojiviringa, na wazee walisema ni nyoka walioombewa na mtawa mmoja mtakatifu wakageuka mawe, na vichwa vikadondoka. Wageni wa kiangazi wanataka kununua nyoka, na wanamtaka ana kichwa. Basi kina Storr, tangu babu, huwachongea vichwa. Skarrow hakuna anayeona huo ni udanganyifu. Nyoka alikuwa na kichwa, kimepotea, kapewa kingine. Aliyekatika mguu hupewa wa mti, na hakuna anayekwenda kuita polisi.

Ila Obadia alikuwa na ila moja: alijua kuchonga sura moja tu, ya marehemu mama yao. Kidevu mbele, mdomo umebana, meno manne, na kitabasamu cha mtu aliyekusikia ulichosema jikoni. Nyoka wake wote walikuwa na sura hiyo. Majumba mengi ya Uingereza yamemweka Bi Storr juu ya meko bila kumjua.

Wiki tano Obadia alimsafisha mjusi, mfupa kwa mfupa. Jumatatu moja mjusi akaletwa kwa mkokoteni, amefunikwa turubai, akalazwa kwenye chumba cha mawe. Sheria ya chumba hicho ilikuwa fupi: atakayegusa jiwe bila ruhusa, Jumamosi inayofuata hayumo nyumbani. Kezia alimshuhudia mpishi mmoja akienda zake kwa ajili ya kome wa jiwe.

Bwana alijifungia saa tatu nzima. Alipotoka mashavu yalikuwa mekundu.

"Bi Kezia, chukua kalamu."

Alimwandikisha kurasa nne. Mnyama ni mzima! Wenzake wote waliowahi kupatikana hawana vichwa, kwa kuwa shingo ni ndefu na kichwa ni kidogo, hung'oka mapema. Huyu anacho. Tena kichwa cha ajabu: kidevu kimetokeza, meno ni manne tu, dalili ya mnyama anayekula majani ya baharini. Kezia aliandika yote, akapeleka posta, akarudi kumenya viazi.

Baada ya siku kumi jibu likaja. Profesa Pettifer anakuja mwenyewe, Alhamisi, kumwona mnyama. Akiridhika, fomu ya uanachama anayo mkobani.

"Isome tena," bwana alisema.

Kezia akasoma tena.

"Pale pa fomu tu."

Akasoma pale pa fomu tu, mara tano, mpaka uji ukaungua.

Jumatano asubuhi alitumwa akawashe moto kwenye chumba cha mawe, profesa asije akapata mafua. Turubai lilikuwa limekunjwa. Kezia alimfuata mnyama kwa macho kutoka mkiani, akapita mbavu, akapanda shingo, na mwisho wa shingo akakutana na mama yake.

Alisimama pale na koleo la makaa.

"Shikamoo," alisema, maana lingine hakulijua.

Mama hakujibu, lakini alitabasamu.

Kezia alikwenda moja kwa moja sebuleni. Bwana alikuwa amekaa kitini anajipigia brashi viatu mwenyewe, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia.

"Bwana, nina neno juu ya kile kichwa."

"Umekiona!" Bwana akainuka nusu. "Umeona kidevu?"

"Nimekiona. Nakijua."

"Hakuna anayekijua, Bi Kezia. Hilo ndilo jambo lenyewe. Hakuna binadamu aliyepata kukiona kidevu hicho." Akakaa, akapapasa kiatu. "Unajua, sikuwahi kukwambia. Ile 'mwokotaji hodari'. Nikilala naisikia. Kama kesho ingetokea wakacheka, sidhani ningeweza kuamka tena. Ulikuwa unasema?"

"Kiatu hicho ni cha kahawia, bwana," Kezia alisema. "Nipe nikubadilishie."

Akatoka na kiatu mkononi, akashuka nacho mpaka karakana.

Obadia alikuwa anamalizia nyoka. Aliona sura ya dada yake akaweka tindo chini upande wa mbali.

"Wewe Obadia. Umemfanya nini mjusi wa bwana?"

"Nimemsafisha."

"Na mama je?"

Obadia akaona haya, kisha akajaa fahari. "Umemtambua? Siku nane nimemchonga. Nimekoroga unga wa mwamba na gundi ya kwato, nikapaka kwenye maungio. Hata wewe hukuona pa kuungia."

"Niliona mkono wako! Mjinga wewe, nani kakutuma?"

"Dada, mzee wa watu katafuta mnyama mzima miaka hamsini. Nimlete asiye na kichwa? Hata nyoka wa bei ya chini namtia kichwa! Watu wangesema nini? Na sikumtoza kitu."

"Kesho anakuja profesa kutoka London. Mwenye macho. Ataona alama za tindo, atacheka mpaka Skarrow isikie, na magazeti yote yatacheka naye. Njoo ukitoe."

"Sikitoi."

"Obadia."

"Sikitoi, dada. Ndicho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchonga. Na mwulize bwana kama hakukipenda. Alilia, nilimwona. Kanishika mkono, kaniambia, Obadia, umenifikisha. Nimfuate leo nimwambie nini?"

Kezia akampiga na kiatu cha bwana, akarudi kupika.

Alhamisi profesa aliwahi. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana koti lenye mifuko mingi, na alikula mikate mitatu ya siagi bila kukaa. Bwana Hindmarsh aliongoza maongezi sebuleni bila kuinuka kitini, asije akakosea mlango mbele ya mgeni. Wakazungumza reli. Wakazungumza hali ya hewa. Kezia aliwamiminia chai ya pili, akalijaza birika mara ya tatu, akapita jikoni, akachukua nyundo ya makaa.

Kwenye chumba cha mawe alifunga mlango. Akavua kofia yake ya kazi akaikunja vizuri, kama ambavyo mama angependa.

"Nisamehe, mama," alisema. "Unajua Obadia alivyo."

Mapigo yalikuwa matatu. Pigo la kwanza lilitoa tabasamu, la pili likatoa mengine yote, na la tatu halikuwa la lazima, lilikuwa la Obadia. Unga aliufagia motoni, mabonge akayatia kwenye ndoo ya makaa, nyundo akaiweka juu yake, na kitambaa cha vumbi akakishika mkononi. Alikuwa hajavaa kofia vizuri walipoingia.

Bwana Hindmarsh alitangulia. Aliweka mkono begani kwa mnyama kama anayemtambulisha jamaa yake, akaupandisha taratibu kwenye shingo, na mwisho wa shingo mkono ukashika hewa. Akaurudisha. Akaanza upya kutoka begani, pengine alikosea njia. Akafika tena palepale.

"Kezia," alisema. Hakusema "Bi".

"Nimekivunja, bwana. Nilikuwa nafuta vumbi."

Profesa aliangalia lile vunjiko. "Kitambaa kimevunja mwamba?"

"Ni kitambaa kizito, bwana."

Profesa akainama, akaokota kipande kilichoponyoka chini ya meza, pua pengine, na kabla hajakigeuza Kezia alishakipokea. "Nipe, bwana, kitakuchafua," akakitia mfukoni mwa aproni pamoja na leso.

Bwana Hindmarsh alikuwa bado ameshika shingo. "Utaondoka Jumamosi," alisema, kwa sauti ya kumwagiza sukari.

"Ndiyo, bwana."

 Ndipo profesa, kwa kukosa pa kuweka macho, akaangalia kasia la mbele. Akapiga magoti. Akatoa lenzi.

"Vidole hivi," alisema. "Umevihesabu?"

"Vitano," Bwana Hindmarsh alijibu bila uhai. "Lakini cha tatu kina mifupa kumi na mitatu. Wengine wote huishia tisa. Na hapa pa kifundo," vidole vyake vikaenda vyenyewe, "mifupa miwili imeungana ukubwani, si kwa ugonjwa. Pitisha kucha, utasikia mshono."

Profesa akapitisha kucha. Akasikia mshono. Akavua koti.

Walikaa chini sakafuni mpaka saa nane, mmoja anaangalia, mmoja anapapasa, wakigombana kuhusu mbavu kama wake wenza. Alipoondoka profesa aliiacha fomu mezani.

"Nitakwambia ukweli, Hindmarsh. Kichwa ndicho kilichonileta, na njia nzima nilikuwa najiandaa kutokiamini. Meno manne! Nilijua nakuja kukufedhehesha. Lakini kasia hili halihitaji kichwa. Niandikie tu maneno machache juu ya kilichotokea, Chama kitauliza. Na huyo mama," akamtazama Kezia, "mnyang'anye kitambaa."

Saa tisa Obadia akaja kuchukua pongezi, amechana nywele kwa maji. Aliingia chumba cha mawe, Kezia nyuma yake akimvuta kwa koti na kumfinya, na kumfinya Obadia hakukuwa na faida tangu utotoni.

"Nani kavunja kichwa cha mama?" akapiga kelele.

Bwana Hindmarsh aligeuka kutoka dirishani. "Mama yupi?"

Basi yakatoka yote: siku nane, gundi ya kwato, nyoka wa bei ya chini, na mapigo ya kiatu. Obadia alipomaliza alikuwa analia, na Kezia alikuwa anaipangusa rafu iliyokwisha pangusika.

Bwana alipapasa kiti akakaa.

"Alikuwa na meno mangapi?" akauliza.

"Manne, bwana."

"Nami nilihesabu manne." Akavuta pumzi. "Niliwaandikia London kwamba ni dalili ya mnyama anayekula majani."

"Mama alipenda uji," Obadia alisema.

Bwana akamwomba Obadia aende nyumbani, kwa heshima. Kisha akasema, "Chukua kalamu."

Kezia akaketi.

"Andika. Mheshimiwa Profesa. Kichwa nilichokieleza hakikuwa cha mnyama huyu. Kiliwekwa na fundi mwema, kwa kunionea huruma, na mimi nikakikubali. Nukta. Macho yangu hayaoni, na kwa miaka mitatu nimekuficheni jambo hilo. Vidole vyangu havikudanganywa. Vilisikia tindo. Nilivinyamazisha mimi, kwa sababu nilikitaka kichwa kile. Mtumishi wangu alikivunja ili kuniokoa, na hana kosa. Fomu nairudisha. Nukta. Umeandika?"

"Naandika, bwana."

Kalamu ilikwaruza. Ilikwaruza kidogo, ikachovya wino, ikakwaruza tena kidogo, ikanyamaza. Na hii ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi, kwa mwandiko ule uliosimama wima: *Mheshimiwa Profesa. Kichwa kimevunjwa na mtumishi wangu, mwanamke mzembe kupita kiasi. Vipande vimekwenda na majivu. Naomba niliyoyaandika juu ya kichwa yafutwe yote, maana hakuna cha kuyathibitisha. Fomu nimeijaza. Imo humu.*

"Nisomee," bwana alisema.

Kezia aliinua karatasi akamsomea maneno yake yote, fundi mwema, miaka mitatu, vidole vilivyonyamazishwa, bila kuacha hata nukta. Alikuwa na kumbukumbu nzuri. Alijua Zaburi arobaini.

"Nionyeshe pa kutia sahihi."

Akamshika kidole akakiweka. Bwana akatia sahihi. Akamsogezea karatasi ya pili, akamshika kidole tena. "Na hapa, bwana. Ni ya kurudishia fomu." Akatia sahihi ya pili. Lakini karatasi ya kwanza hakuiachia. Alipitisha kidole gumba juu yake, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, taratibu, pale ambapo nibu ya Kezia huchimba karatasi, maana mkono wake ni mzito. Akafika mstari wa sita. Chini yake palikuwa laini mpaka mwisho.

Ndani ya meko bonge la makaa lilipasuka. Kezia alitazama kidole kile, akasubiri.

"Kalamu yako leo imekwenda mwendo mfupi, Bi Kezia."

"Wino ulikuwa mzito, bwana."

Kidole kilirudi juu, kikapita tena mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kwenye mstari wa tatu, pa "mwanamke mzembe", kikakaa. Halafu bwana akakunja karatasi mara mbili, akamkabidhi.

"Posta inafungwa saa kumi na moja," alisema. "Utawahi?"

"Nitawahi."

Alifika mlangoni. Akageuka, kofia mkononi.

"Na Jumamosi, bwana?"

Bwana Hindmarsh alikuwa ameshamrudia mjusi wake, anahesabu tena kidole cha tatu, na alimaliza kuhesabu kwanza.

"Jumamosi si huwa tunakula pai ya kondoo?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi usiitilie chumvi nyingi," alisema. "Na uache kukimbilia karakana na kiatu changu. Nimevaa kimoja tangu jana."